Daraja la Houston Haliko Houston

Tangu nirudi Kasulu, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: "Selemani, ulimwona Melkiori?" Nikijibu kwamba nilimwona, mtu anataka maelezo. Nikianza maelezo, kahawa inapoa na nusu ya watu wanasema natunga. Nimeamua kuyaandika, msomeane pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na asiyeamini abaki na kutoamini kwake.

Habari za viza na tiketi siwaelezi. Zilinichosha kuzipitia mara ya kwanza.

Kwa vijana wasiomjua: Melkiori ni Mrundi aliyekuwa fundi wetu wa zege zamani, tulipojenga lile daraja dogo la tao moja. Mimi nilikuwa msimamizi, yeye alikuwa mkuu wa mchanganyo wa zege. Tao likapasuka, Melkiori akaachishwa kazi, akarudi kwao Burundi. Vita vikamtoa huko, akaishi kambini miaka mingi, mwishowe akapelekwa Marekani. Nilikuwa na neno la kumwambia. Mwaka 2018 mtoto wa dada yangu aliponialika Dallas, nilijua kabla ya kufunga begi kwamba siendi kutembea tu.

Vickery Meadow, Dallas

Shabani, huyo mtoto wa dada yangu, anaishi Vickery Meadow. Ni mtaa wa maghorofa mafupi yanayofanana kama matofali ya tanuri moja, na ndani yake mmejaa watu waliotoka kila pembe ya dunia. Siku ya pili nilitoka kunyoosha miguu. Niliporudi nikafungua mlango, nikavua viatu, nikaketi kwenye kochi. Mama mmoja wa Kiburma akaniletea chai. Nikadhani ni rafiki wa Shabani. Mume wake akatoka chumbani, akanipa mkono, akaketi. Tulikunywa chai kwa adabu kubwa, kila upande ukingoja mwingine aeleze amekuja kufanya nini, mpaka nilipoona picha za ukutani na kugundua kwamba hakuna hata mmoja wa ukoo wetu. Nikashukuru, nikavaa viatu. Walinifungashia maandazi yao ya mchele.

Melkiori nilimpata kwenye chumba cha kufulia nguo. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa anakunja mashuka, nikamuuliza kama amewahi kumsikia.

"Mzee Melkiori wa Fort Worth? Mbona tunasali naye!" akasema. "Ila huyo simu hana. Anasema simu ni kitu cha kufuatwafuatwa. Nitamwambia Jeanine, binti yake."

Nikakaa siku tatu nikingoja. Alhamisi jioni ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya Shabani, sauti ya binti mwenye haraka:

"Mzee Selemani, shikamoo. Papa amesema usije nyumbani. Kama uko na neno, mkutane kwa daraja la Houston, lile la zamani la zege, la matao. Jumamosi saa nne. Mimi kesho naingia shifti, simu inabaki kwenye kabati. Haya, bye."

Shabani alikuna kichwa. "Mjomba, Houston ni mbali. Ni four hours ku-drive. Kwa nini mtu wa Fort Worth akupeleke Houston?"

Mimi nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Fort Worth iko hapo jirani na Dallas, angeweza kunikaribisha chai tukamaliza. Lakini hakutaka chai. Alitaka nihangaike kwanza. Nikamwambia Shabani: "Ni haki yake. Nitafutie basi."

Ijumaa asubuhi Shabani alijaribu kumpigia Jeanine mara nne. Simu ilikuwa kabatini.

Ijumaa, barabarani

Ndani ya basi niliketi na mzee wa Kitexas mwenye kofia pana kama ungo, ambaye hakuivua hata aliposinzia. Alipoamka akaniuliza kazi yangu. Kiingereza changu ni cha vitabu vya maelekezo ya saruji, nikajibu kwamba mimi ni mtu wa zege, mstaafu. Akashika mkono wangu kwa mikono miwili. Kumbe naye alimwaga zege maisha yake yote, njia za magari kuingia kwenye nyumba za watu. Akatoa simu na kunionyesha picha zake moja baada ya nyingine, kama mtu anavyoonyesha wajukuu. Wajukuu wenyewe walikuwa wamesimama pembeni katika picha mbili tatu, na hakuwataja.

Akaniuliza kwetu tunalingoja zege siku ngapi kabla ya kuondoa mbao na mirunda inayoshikilia tao kwa chini.

"Ishirini na nane," nikasema, nikageukia dirisha.

"Good man," akasema, akasinzia tena.

Katikati ya safari basi lilisimama kwenye kituo cha mafuta chenye duka kubwa kuliko soko letu. Nilikuwa na njaa. Nikamwomba muuzaji chips, akanipa pakiti ya vile vikavu vya kupasuka mdomoni. Nikamwambia nataka kitu cha kushibisha kisicho na nguruwe. Akafikiri sana, akanipa tango zima lililolala kwenye siki, kubwa kama mchi, limefungwa ndani ya mfuko na maji yake. Sikutaka kumvunja moyo. Nililila lote mbele yake, machozi yananitoka, naye akanipigia makofi.

Sharpstown, Houston

Rehema, dada yake Shabani, ni muuguzi, anaishi Sharpstown, upande wa kusini magharibi wa Houston. Alinipokea akiwa bado na sare ya kazi, akanipikia ugali wa unga wa Kimeksiko uliokuwa mwekundu kidogo na unanukia chokaa, pamoja na sukuma wiki na samaki. Alingoja nimalize kula, ndipo akauliza.

"Sasa mjomba, hiyo saa nne ni asubuhi, au ni four p.m.? Watoto waliokulia huku wanachanganya."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukakubaliana kwamba nitangoja saa nne ya kwetu, na asipotokea, nitangoja saa kumi, ambayo ndiyo nne yao.

"Na daraja ni lipi? Houston ina madaraja mengi."

"La zamani. La zege. Lenye matao."

Akapekua kwenye simu, akashangilia. "Hili hapa! Downtown, juu ya bayou, ule mto wa mjini. Concrete arch, la zamani kabisa. Nitaku-drop kesho kabla sijaenda kazini."

Ndugu zangu, mji wa Houston kweli una daraja la zamani la zege lenye tao. Kama usingekuwa nalo, ningegundua kosa mapema na habari hii ingekuwa fupi.

Jumamosi, darajani, masaa sita

Nilisimama hapo kuanzia saa nne kasorobo. Ni daraja zuri. Tao moja pana linavuka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kulikagua. Niliinama juu ya ukingo kuangalia upande wa chini. Nikahamia upande wa pili, nikainama tena. Saa tano. Saa sita. Kila mtu aliyepita nilimtazama usoni, nikimtafuta Melkiori ndani ya uzee, na kila mtu aliharakisha kidogo.

Mwanamke mmoja mwenye mbwa mdogo alinipita mara tatu. Mara ya nne akasimama.

"Uko sawa, bwana?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Hapana," nikasema kwa uaminifu. "Namngoja rafiki. Nilimkosea zamani."

Macho yake yakalegea. Akasema kila mtu hukosea. Nikamwambia kosa langu ni kubwa. Akauliza kama huyo rafiki atakuja. Nikajibu kwamba sijui, ila asipokuja kufikia saa kumi, nitashuka chini. Nilikuwa na maana ya ngazi. Pale pembeni pana ngazi za kufika ukingoni mwa mto, nami nilitaka kuliona tao kwa chini. Lakini nilikuwa nimeinamia ukingo wa daraja nilipokuwa nasema, na nilionyesha maji kwa kidole.

Mama yule aliweka mkono wake begani mwangu na hakuuondoa tena.

Akaanza kunieleza uzuri wa maisha. Akaniuliza kama nina wajukuu. Nikasema saba. Akasema wananihitaji. Nikakubali, hasa mdogo, ambaye nilimwahidi viatu vyenye taa. Akasema, "Basi nenda ukamnunulie!" Nikasema nitanunua Jumatatu, kwa sababu Jumanne narudi nyumbani. "Nyumbani" aliielewa vingine. Akaanza kulia. Nami nikimwona mtu analia siwezi kuvumilia, hasa kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa tangu asubuhi. Nikalia. Mbwa akabweka.

Askari alifika kwa baiskeli. Alikuwa kijana mpole sana. Alisimama mbali, akaongea nami kama mtu anayemwita kuku. Akaniomba niondoke ukingoni polepole. Niliondoka polepole. Akaniuliza jina, nilikotoka, na nini kilichonileta juu ya daraja. Nikamweleza yote: zege, Melkiori, ujumbe, saa nne mbili. Nilitumia karibu nusu saa, na mama wa mbwa alinisaidia maneno yaliponipungukia. Nilipomaliza, askari akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza safari nzima.

"Mzee, una hakika ni daraja hili?"

"Ni la zege," nikasema. "Lina tao. Tuko Houston."

Walibaki nami wote wawili mpaka saa kumi. Mama akatuletea mikate ya samaki. Melkiori hakuja. Saa kumi na robo Rehema alifika kunichukua, akamkuta mjomba wake katikati ya askari na mwanamke asiyemjua, macho mekundu, amebeba mbwa.

Jioni, Shabani akapiga simu. Hakusalimia.

"Mjomba, daraja la Houston liko Dallas."

"Sema tena."

"Kuna mtaa downtown Dallas unaitwa Houston Street. Una daraja lake la zamani, linavuka Trinity River. Mzee Melkiori alikuwa pale tangu asubuhi. Alingoja mpaka saa nane, akaondoka amekasirika. Nimeongea na Jeanine wakati wa break yake. Anasema Papa amesema, Selemani hajabadilika."

Niliketi kwenye sakafu ya jiko la Rehema. Nilikuwa nimevuka bahari kumwambia mtu yule neno moja, na nilichofanya ni kumsimamisha juani siku nzima.

Jumapili, katikati ya njia

Nilipanda basi la kwanza la asubuhi kurudi Dallas. Tulisimama kwenye kile kituo kikubwa cha mafuta, nami nikabaki ndani, maana muuzaji wa matango angeniona. Basi jingine, la kwenda Houston, lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwetu, dirisha kwa dirisha. Ndani yake mzee mwembamba aliyevaa koti la kanisani alikuwa anamenya yai la kuchemsha.

Alikuwa anamenya kwa kidole gumba cha kushoto. Kidole cha shahada cha mkono huo kimekatika nusu. Kilikatwa na nondo mbele ya macho yangu, tukiwa vijana.

Niligonga kioo. Alinyanyua uso, akanitazama, akatazama yai, akanitazama tena. Nikamwonyesha kwa mikono abaki alipo, nitashuka. Yeye akanionyesha kwa mikono nibaki nilipo, atashuka. Wote wawili tukatii: kila mmoja akabaki kwenye kiti chake, akimngoja mwenzake. Mpaka basi lake likaanza kunguruma. Hapo wote wawili tukainuka kwa pamoja, tukashuka kwa pamoja, tukakutana kati ya mabasi mawili, yeye na yai lake.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Houston, kukutafuta. Jeanine ameniambia uko huko."

"Mimi narudi Dallas kukutafuta wewe."

"Kwa nini ulikwenda Houston?"

"Si ulisema daraja la Houston?"

Alifunga macho kama mtu anayeumwa jino. Basi lake likaondoka na begi lake. Hakugeuka kulitazama.

Dereva wetu alitaka tiketi yake. Melkiori akamwonyesha ile ya Houston. Dereva akamwambia upande huo siko. Nikamweleza dereva kwa kifupi, kisha kwa urefu, mpaka abiria wa mbele wakaanza kumsihi wao wenyewe. Akasema, "Kaeni, kaeni tu."

Tuliketi pamoja kwa karibu masaa mawili na nusu. Nilipofungua mdomo kuanza, alininyamazisha kwa ile nusu ya kidole.

"Hapana. Nilisema darajani."

Akanipa nusu ya yai. Nikamuuliza kazi. Akasema anafua mashuka ya hoteli. Nikamuuliza kama aliwahi kurudia zege, kambini au huku. Akatazama dirishani, madaraja ya barabara kuu yakipita juu yetu moja baada ya jingine.

"Tangu siku ile sijagusa hata ndoo," akasema.

Daraja la Houston lililo Dallas

Shabani alitupokea kituoni, akatupeleka moja kwa moja, akabaki garini upande wa mjini. Sisi tukaingia darajani kwa miguu. Natamani mngeliona. Ni matao, matao, matao, yanakwenda mpaka macho yanachoka, na chini yake kuna majani tu. Mto wenyewe ni mwembamba, umejilaza katikati ya uwanda. Wanasema ukifurika unajaza kote, ndiyo maana wakajenga hivyo. Siku hizi pembeni mwa daraja hupita tramu, gari dogo la reli. Darajani hakuna waya wa umeme juu. Linapofika pale linashusha mkono wake na kwenda kwa betri, ili wasilichokoe daraja la watu wa zamani kwa vyuma.

Hatukufika mbali. Melkiori akasimama. "Sema."

Ndugu zangu, nanyi mlikuwa mnangoja hapa, na baadhi yenu mtanichukia. Lile tao la kwetu halikupasuka kwa sababu ya mchanganyo. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua, nami nilitaka alikute tupu, bila mirunda, apige picha. Nikaamuru mbao na mirunda viondolewe siku ya kumi na moja. Melkiori alikuwa amelazwa na malaria wiki hiyo, hakuwepo. Liliposhuka na kupasuka, nikaandika kwenye ripoti kwamba zege lilikuwa dhaifu. Nikamwacha afukuzwe. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko haya.

Hakunipiga. Aligeuka, akatembea kurudi upande wa mjini, mpaka kwenye kituo cha tramu. Tramu ilikuwa imesimama. Akapanda.

Ikanipita pale niliposimama. Melkiori alikuwa dirishani, ametazama mbele, shingo imekakamaa kama ya askari wa gwaride. Ikavuka mto, ikapotea ng'ambo, upande wa Oak Cliff. Nikasema, basi, amekwenda, na ni haki yake.

Lakini njia ile ni fupi, na mwisho wake hakuna pa kwenda. Baada ya nusu saa hivi tramu ikarudi. Melkiori yumo, dirisha lilelile, ametazama mbele. Nikainua mkono. Hakugeuka. Darajani hapana kituo. Ikafika mjini, ikageuka. Ikaja tena. Yumo. Safari hii aligeuza macho tu, kichwa hakikusogea. Ikaenda. Shabani akanipigia kutoka garini: "Mjomba, yule mzee anafanya nini?" Nikamwambia anafikiri. "Niwa-stop?" Nikamwambia nani amewahi kusimamisha tramu.

Mara ya nne ikarudi bila yeye. Kisha nikamwona kwa mbali sana, anakuja kwa miguu kutoka ng'ambo, koti la kanisani begani, urefu wote wa daraja lile. Nilitaka kumwendea, nikaona bora nibaki. Alipofika alikuwa anahema.

"Kumi na moja," akasema.

"Kumi na moja."

"Basi mchanganyo wangu ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Miaka yote hii nimekuwa nahesabu ndoo, Selemani. Kambini, kwenye ndege, kwenye mashine za kufulia. Mchanga ngapi, kokoto ngapi. Nilidhani nilikosea hesabu." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Sema tena, kwa sauti."

Nikapiga kelele juu ya magari kwamba mchanganyo wake ulikuwa sawa. Mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita akatuinulia dole gumba. Melkiori akasema haitoshi, akamwita Shabani alete simu. Tukampigia Jeanine, aliyekuwa ametoka shifti, nikamweleza.

"So it wasn't him?" akauliza.

"Haikuwa yeye. Nilikuwa mimi."

"Mwambie Mama," akasema. Nikamwambia Mama. Kisha shemeji yake wa Bujumbura. Kisha padri wao, aliyekuwa anajiandaa kwa misa, ambaye alisikiliza mpaka mwisho na kusema hanijui lakini asante. Nilirudia maneno yale mpaka betri ya Shabani ikakata.

"Bado nina hasira na wewe," Melkiori akasema.

"Najua."

"Itachukua muda."

"Naondoka Jumanne."

"Basi itachukua muda ukiwa huko kwenu."

Akaanza kutembea, nami nikamfuata. Shabani alitaka kutupakia, Melkiori akakataa. Baada ya hatua chache akasimama kwenye ukingo, akaugonga kwa fundo la kidole, akatega sikio. Akagonga tena kidogo pembeni.

"Sikia. Hapa wamepaka juujuu," akasema kwa dharau. "Ndani kuna uwazi."

Nikagonga. Kweli.

"Na hapa wametumia kokoto nene mno." Akaenda kwenye nguzo iliyofuata, nayo akaigonga. Alilikosoa daraja zima hivyo, nguzo kwa nguzo, akinieleza wangefanyaje, mkono wenye nusu ya kidole ukipima uwiano hewani, na mimi nyuma yake nikiitikia, ndiyo fundi, ndiyo fundi, mpaka Oak Cliff.